Virusi vya HPV: Wavulana wasitolewe nje ya somo

Mnamo Oktoba 2019 serikali ya Kenya ilizindua mjini Mombasa chanjo ya kuwakinga wasichana wa umri wa miaka 10 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Lilikuwa jambo la busara, na aliyelipinga ana deni la kutueleza angewafanyia nini akina mama zaidi ya 3,000 ambao maradhi hayo huwaua humu nchini kila mwaka. Hata hivyo, kuna desturi iliyozuka pamoja na chanjo hiyo katika baadhi ya shule zetu, nayo yatuharibia kazi njema tuliyoianza. Muuguzi anapowasili kueleza habari za chanjo, wasichana huketishwa darasani na wavulana huambiwa waende uwanjani wakacheze kandanda. Mvulana huondoka pale akiwa amejifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kumfundisha: kwamba kuna maradhi ya wasichana, yatokanayo na mambo ya wasichana, nayo hayamhusu yeye ndewe wala sikio.

Yanamhusu. Tena yanamhusu kwa njia mbili: yeye ni mmoja wa wanaoyasafirisha, na yeye mwenyewe anaweza kuugua.

Saratani ya mlango wa kizazi, tofauti na saratani nyingi tuzijuazo, huletwa na virusi. Virusi hivyo ni vya papiloma, ambavyo madaktari huvitaja kwa herufi tatu, HPV. Aina zake zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 200, na nyingi kati yazo hazina madhara makubwa. Baadhi ndizo ziletazo zile chunjua za kawaida za vidoleni ambazo watoto hupenda kuzibandua kwa kucha. Aina zipatazo 40 hupendelea ngozi ya sehemu za siri. Miongoni mwa hizo, namba 16 na namba 18 ndizo zenye lawama kubwa, kwani hizo mbili pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi ulimwenguni kote. Namba 6 na namba 11 hazileti saratani hiyo, bali huleta chunjua za sehemu za siri, ambazo wengine huziita masundosundo. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeongoza kazi ya kuitambua namba 16 mwaka 1983 na namba 18 mwaka uliofuata. Wanasayansi wengi wa wakati huo walimbishia, wakishikilia kuwa chanzo kilikuwa virusi vya aina nyingine kabisa. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Na ni huyo huyo, kabla ya kufariki mwaka 2023, aliyekuwa akisisitiza kila alipopewa jukwaa kwamba wavulana nao wachanjwe.

Kwa nini mtu aliyeitolea maisha yake saratani ya wanawake awatetee wavulana? Jibu ni rahisi. Virusi hivi huambukizwa ngozi ikigusana na ngozi katika kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, maana haifuniki kila mahali. Aliyeambukizwa aghalabu hahisi maumivu, hawashwi, hatokwi na chochote. Mara nyingi kinga ya mwili huvifukuza virusi katika muda wa mwaka mmoja au miwili, naye mwenyewe hajui kamwe kwamba aliwahi kuwa navyo. Mwaka 2023 jarida moja la kitabibu la Uingereza, The Lancet Global Health, lilichapisha hesabu iliyokusanywa kutoka tafiti za nchi nyingi. Ilionekana kwamba karibu mwanamume mmoja kati ya watatu wenye umri wa zaidi ya miaka 15 alikuwa na angalau aina moja ya virusi hivi sehemu za siri, na kwamba takriban mmoja kati ya watano alikuwa na aina ziwezazo kuleta saratani. Hesabu hiyo haiwahusu walevi na wazururaji. Inawahusu wanaume wa kawaida: mwalimu, dereva wa matatu, mhubiri na mbunge.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi. Katika jamii zetu, mwanamke akigunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na ikijulikana kwamba maradhi hayo huambukizwa kwa kujamiiana, huanza kunong'onezwa. Mawifi huulizana alikuwa akitembea na nani. Wapo wanaorudishwa kwao. Elimu nusu tuliyoitoa, badala ya kumwokoa, imempa jirani fimbo ya kumchapia. Mvulana aliyetumwa uwanjani wakati wa somo ndiye, miaka 20 baadaye, anayekuwa mume anayeuliza mkewe maradhi haya ameyatoa wapi.

Swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1981 madaktari wa Oxford, Uingereza, walitangaza uchunguzi walioufanya juu ya wanawake ambao hawakuwahi kumjua mwanamume yeyote maishani ila waume zao. Baadhi ya wanawake hao walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi au dalili zake za awali. Wengine walikuwa wazima. Madaktari hawakuwahoji wake peke yao, bali waliwaendea pia waume. Ilibainika kwamba waume wa wale waliougua ndio waliokuwa wamejuana na wanawake wengi zaidi. Yaani mke alikuwa ametulia nyumbani kwake, na hatari ikamfuata kitandani. Uchunguzi huu ulifanywa kabla hata namba 16 haijatambuliwa. Wanawake wetu wangali wanalaumiwa kwa jambo ambalo sayansi ilikwisha kulieleza zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila mume ambaye mkewe ameugua ni mzinzi. Saratani hii huchukua miaka 15 hadi 20 kukua katika mwili wenye kinga ya kawaida, na virusi vyaweza kukaa kimya muda mrefu. Huenda viliingia wakati wa ujana, kabla ya wawili hao kuonana. Isitoshe, hakuna kipimo cha kawaida kilichoidhinishwa cha kumpima mwanamume na kumwambia kama anavyo au hana. Mwanamke ana vipimo vya mlango wa kizazi, na hapana budi avifanye. Mwanamume hana. Ndiyo maana kutafuta mkosaji katika ndoa ni kazi bure, na ndiyo maana njia ya pekee ya maana ni kumfunza mvulana na kumkinga mapema, kabla hajawa mume wa mtu.

Ama kuhusu mwanamume mwenyewe, tusitie chumvi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 virusi hivi vilisababisha saratani kwa wanawake wapatao 620,000, na kwa wanaume wapatao 70,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo hoja thabiti ya kuwatanguliza wasichana. Lakini watu 70,000 si wachache. Wengine huugua saratani ya uume, wengine ya njia ya haja kubwa, na wengine ya koo, hasa kwenye shina la ulimi na mafindofindo. Nchini Marekani saratani ya koo iletwayo na virusi hivi kwa wanaume imeipita kwa idadi ile ya mlango wa kizazi kwa wanawake, kwa kuwa wanawake wa huko hupimwa na kutibiwa mapema ilhali koo la mwanamume halina wa kulichungulia. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wanaume kwa wanawake, wamo katika hatari zaidi, maana kinga yao haina nguvu ya kuvifukuza virusi vya papiloma upesi.

Kisha kuna hayo masundosundo, ambayo hayaui lakini humtesa kijana kwa namna yake. Huota, huondolewa kwa dawa au kwa kuchomwa, kisha huenda yakarudi. Kijana huona aibu kumwendea daktari. Humwendea mwuza dawa wa sokoni, hupaka asichokijua, huungua ngozi, na siri inakuwa mbili badala ya moja. Lau angaliambiwa darasani kwamba hayo ni maradhi yenye jina na tiba, angalikwenda zahanati kama aendavyo mwenye jipu.

Wapo watakaosema: mwanangu ametahiriwa, yatosha. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu ina ukweli ndani yake na kwa sababu sisi Wakenya tulichangia kuupata ukweli huo. Majaribio ya Kisumu, pamoja na yale ya Rakai nchini Uganda na ya Afrika Kusini, yalithibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa karibu asilimia 60, na mwaka 2008 serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari huko Nyanza. Watafiti wa Rakai walikwenda mbele wakachunguza na HPV. Waliona kwamba wanaume waliotahiriwa walikuwa na aina hatari za virusi hivyo pungufu kwa takriban theluthi moja, na kwamba hata wake zao waliambukizwa kwa uchache. Ni faida ya kushukuriwa. Lakini theluthi ni theluthi. Aliyeezeka theluthi moja ya paa na kulala chini yake mvua ya masika ikinyesha atatusimulia asubuhi.

Hata hivyo tohara yatupa fursa ambayo hatuitumii. Katika sehemu nyingi za nchi hii wavulana hutahiriwa wakati wa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, na baadhi ya makanisa huwakusanya kwa siku kadhaa wakafunzwa utu uzima. Huambiwa waheshimu wazazi, waepuke bangi, wasome kwa bidii. Ni mafunzo mema. Ni lini walipoambiwa kwamba mwili walioingia nao utu uzima waweza kubeba kimya kimya maradhi yatakayomwua mama wa watoto wao? Pwani tohara hufanywa utotoni, kwa hiyo fursa ya namna hiyo haipo. Huko jukumu ni la shule na la maustadhi, ambao wengi wao ni hodari wa kuzungumza mambo mazito bila kuvunja adabu kuliko sisi wa mijini.

Je, wavulana wachanjwe? Naam, ila kwa utaratibu. Australia ilianza kuwachanja wasichana shuleni mwaka 2007. Miaka minne tu baadaye, masundosundo miongoni mwa wanawake wenye umri wa chini ya miaka 21 waliofika katika kliniki za magonjwa ya zinaa yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Na la ajabu ni kwamba kwa wanaume wa umri huo wapendao wanawake yalipungua kwa zaidi ya robo tatu, ingawa hakuna mpango wa taifa uliokuwa umewachanja. Wasichana waliokingwa hawakuwa na cha kuwaambukiza. Wasioafiki chanjo ya wavulana huushika mfano huu na kusema: chanjeni wasichana wengi, wavulana watakingika bure. Kweli tupu, lakini neno lenye uzito hapo ni "wengi". Rwanda, iliyoanza mwaka 2011 kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika kuwa na mpango wa taifa, iliwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana wake. Sisi bado tuko mbali na hapo. Wengi walipata dozi ya kwanza wasirudi kwa ya pili. Wapo wasichana wa jamii za wafugaji wahamao na mifugo, na wapo walioacha shule, ambao muuguzi hajawaona kabisa. Pale ukuta ulipo na mapengo, mvulana hana haki ya kujidai amekingwa na dada yake. Australia yenyewe, pamoja na ushindi ule, iliwaingiza wavulana katika mpango wake mwaka 2013, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019.

Watu wa hazina watauliza fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki. Sehemu ya jibu ilipatikana papa hapa nyumbani. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao, waliwaandikisha wanawake 2,275 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu ilizuia maambukizi ya kudumu ya namba 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika kipindi cha miezi 18. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliruhusu nchi zitumie dozi moja badala ya mbili, na mwaka 2025 Kenya ikaingia katika utaratibu huo. Chupa zilizokuwa zikimchanja msichana mmoja sasa zaweza kuchanja watoto wawili. Maoni yangu ni kwamba ziada hiyo iende kwanza kwa wasichana waliorukwa, hata wale waliokwisha kufikisha miaka 14. Baada yao waje watoto wote wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wavulana kwa wasichana, ambao dozi yao huwa zaidi ya moja. Halafu wavulana wote wa miaka 10. Atakayewatanguliza wavulana mbele ya msichana wa Turkana ambaye hajachanjwa hataniona upande wake.

Kuna faida nyingine ya kuwachanja wote ambayo haiandikwi katika hesabu za hospitali. Wasomaji watakumbuka mwaka 2014, maaskofu wa Kikatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa dawa ya kufunga kizazi. Serikali na mashirika ya kimataifa yalikanusha. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa Kikatoliki nacho kikaipinga chanjo ya HPV. Sikubaliani na madai hayo, lakini najua kwa nini yalishika. Kila sindano inayotengwa kwa wasichana peke yao huzusha swali moja kijijini: mbona wao tu? Na mzazi anayeuliza hivyo si mjinga. Kamerun, iliyoona wasichana wachache mno wakijitokeza, ilianza mwaka 2023 kuwachanja wavulana sambamba na wasichana. Uvumi wa kufungwa kizazi hupungukiwa na nguvu ndugu wawili wanapopiga foleni moja.

Na wale wasemao kwamba kuwachanja watoto ni kuwafungulia mlango wa uasherati? Sijapata kusikia kwamba chanjo ya pepopunda imemfanya mtoto yeyote apende kukanyaga misumari. Chanjo hii hutolewa mapema kwa sababu moja tu: hufanya kazi kabla virusi havijaingia, wala haiviondoi vikiisha kuingia.

Lakini chanjo ya wavulana itategemea bajeti, na bajeti haimo mikononi mwa mwalimu. Somo limo. Walimu wa Sayansi Jumuishi hufundisha viungo vya uzazi mbele ya wavulana na wasichana pamoja, na dari haijawahi kuwaangukia. Wa ushauri nasaha nao wana kipindi chao. Dakika 20 zatosha kusema kwamba kuna virusi viitwavyo papiloma, kwamba wanaume na wanawake huambukizana, kwamba huweza kukaa kimya miaka mingi, kwamba kusubiri na kuwa mwaminifu hupunguza hatari, kwamba kuvuta sigara huiongeza, na kwamba mama zao wenye umri wa zaidi ya miaka 30 wanastahili kupimwa. Hili la mwisho msilipuuze, enyi wanafunzi. Wengi wenu ndio wasomi wa kwanza katika familia zenu, na mama aliyekataa kumsikiza muuguzi mara nyingi humsikiza mwanawe, hasa mwana wa kiume.

Mwalimu mmoja aliniuliza atajibu nini mvulana akinyosha mkono na kusema: "Na mimi nitachanjwa lini?" Nilimwambia amjibu kweli. Amwambie kwamba mpango wa taifa hadi sasa ni wa wasichana, kwamba nchi nyingine zimekwisha kuwaingiza wavulana, na kwamba mzazi mwenye uwezo anaweza kumwuliza daktari wake. Kisha amwombe aketi, aandike swali hilo katika barua kwa Waziri wa Afya, na darasa zima litie sahihi, wasichana wakiwamo.